Mke wa Yule Bwana

Kibondo,
3 Juni 2013

Mwalimu Ildefonsi,

Shikamoo. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Makarius, uliyenifundisha Historia kidato cha pili kabla hujahamia seminari kufundisha falsafa. Sasa ni karani wa mahakama ya mwanzo hapa Kibondo, mwaka wa kumi na nne huu. Habari zako nimezipata kwa Saady, yule mwenye duka la spea za baiskeli karibu na stendi ya Kasulu. Ameniambia umestaafu, kwamba masikio yako hayapokei simu tena, na anayekutaka lazima akuandikie.

Mwalimu, nataka kusoma falsafa. Peke yangu, nikitoka kazini. Nilinunua mnadani kitabu kinene cha Kiingereza kinachoeleza historia yake yote tangu Wagiriki. Nimekwama ukurasa wa kumi na moja. Wanabishana kama ulimwengu umetokana na maji au na hewa, nami nikajikuta nasoma mstari mmoja mara nne huku nawaza mambo mengine.

Sitafuti cheti. Wala hakuna sababu maalumu, ni kwamba akili ikikaa na mafaili miaka mingi inaota kutu.

Nyumbani tupo wawili tu, Mungu hakutujalia mtoto. Mke wangu Theodosia, ambaye kwao ni Muyama, anafyatua matofali msimu huu. Anataka mwakani tutoke kwenye nyumba ya kupanga. Anakusalimu, ingawa hakujui.

Naomba uniambie nianzie wapi. Na kama kipo kitabu kinachohusu kweli na uongo, nitashukuru kukijua.

Mwanafunzi wako,
Makarius


Kasulu,
19 Juni 2013

Mwanangu Makarius,

Marahaba. Nakukumbuka. Ulikuwa ukiandika insha mpaka kengele inalia na bado hujafika kwenye jambo lenyewe.

Umeanzia wanapoanzia wengi, ndiyo maana umekwama wanapokwama wengi. Historia ya falsafa ni kama orodha ya waliohudhuria harusi. Mtu akikusomea majina yote mia tatu, bado hujui bibi arusi alikuwa nani. Kirudishe hicho kitabu kabatini. Utakifungua baada ya miaka miwili, ukiwa tayari unawajua wageni watatu au wanne, na utashangaa kilivyo kitamu.

Nilifundisha vijana miaka ishirini na mbili, na waliodumu na kusoma baada ya mtihani ni wale waliokuja na swali lao. Wenye akili sana waliacha. Kwa hiyo anza na swali, lile ambalo ukiwa unaoga linakujia. Kisha utafute watu wawili waliolijibu tofauti, si mmoja. Usome kidogo. Ukurasa mmoja mara tatu unakufaa kuliko kurasa thelathini mara moja, na uwe na penseli mkononi. Na usisome ukitafuta mtu wa kukubaliana nawe. Huyo utampata kila mahali, hata kilabuni.

Nakutumia daftari kwa kondakta, kupitia kwa Saady. Ni mazungumzo ya kale kati ya mzee mmoja na kijana, niliyatafsiri kwa mkono wangu kwa ajili ya darasa. Ni kurasa thelathini, na nimeweka maswali pembeni. Watu wakizungumza, msomaji hapotei.

Kuhusu kweli na uongo, vitabu vipo vingi, lakini sikupi hata kimoja mpaka uniambie swali lako. "Kweli na uongo" ni jina la rafu ya maktaba tu.

Msalimie mama wa matofali.

Ildefonsi


Kibondo,
14 Julai 2013

Mwalimu,

Shikamoo. Daftari limefika. Nimelisoma mara mbili, na Theodosia ameanza kulisoma pia, akiketi juu ya rundo la matofali na mikono yenye udongo. Anasema yule kijana anakubali upesi mno.

Swali langu nitalieleza kwa mfano. Yupo bwana mmoja hapa mjini ambaye simtaji jina. Mwezi Mei alimpeleka mkewe hospitali moja Mwanza. Daktari alimwita bwana pembeni, kwenye ujia, akamwambia ni uvimbe kwenye ini, haukatiki, na kwamba mgonjwa ana mwaka mmoja au pungufu. Mke alikuwa amekaa kwenye benchi mita kumi kutoka hapo, ameshika mkoba wake na wa mumewe. Bwana aliporudi, mke aliuliza, "Amesemaje?" Akajibu, "Vidonda vya tumbo." Neno lilitoka kabla hajalifikiria.

Sasa mke anakunywa dawa za vidonda, ana nguvu na anacheka. Kila asubuhi bwana anasema atamwambia jioni. Jioni anamkuta amefurahi.

Je, mwalimu, bwana huyu ni mwongo? Anayeficha kwa sababu ya upendo ana kosa gani? Wenye falsafa wanasemaje?

Makarius


Kasulu,
2 Agosti 2013

Mwanangu,

Hilo sasa ndilo swali. Niliposoma barua yako nilisimama na kutembea chumbani kama kijana. Tangu nistaafu hakuna aliyeniletea kitu kama hiki. Watu huja kuniuliza tu namna ya kujaza fomu.

Hujalipata vitabuni, umelipata mtaani, na hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuanzia. Tulifanyie kazi kama tulivyofanya darasani. Mimi nitamtetea yule bwana, kwa sababu ndiye mgumu kumtetea.

Nasema hivi. Ukweli ni wa kumsaidia mtu aishi. Kuna ukweli unaomwezesha kuchagua dawa, njia au rafiki. Lakini ukweli usioponya, ambao kazi yake ni kumnyang'anya mtu furaha ya siku zilizobaki, unamfaa nani? Mara nyingi unamfaa msemaji. Amebeba mzigo peke yake, amechoka, anautua juu ya kichwa cha mgonjwa kisha anajiita mkweli. Bwana yule anaubeba mwenyewe. Huenda kunyamaza kwake ndiko kujitoa, na kusema kungekuwa ubinafsi uliovaa kanzu nyeupe.

Umeona? Hoja ina nguvu. Usiiamini kwa sababu hiyo. Kazi yako ni kuandika upande wa mke. Usimwonee huruma wala usimsemee. Andika kama vile yeye mwenyewe ameshika kalamu, kisha uniletee. Ukimaliza nitakupa vitabu viwili vinavyopingana, na hapo utakuwa umeingia falsafa kwa mlango wa mbele.

Nasubiri kwa hamu.

Ildefonsi


Kibondo,
30 Novemba 2013

Mwalimu,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Kazi imekuwa nyingi, kesi za mipaka ya mashamba haziishi.

Ile kazi sijaiandika. Nilianza mara mbili nikashindwa. Lakini nilimsomea yule bwana barua yako, na imemsaidia sana. Alikuwa karibu kusema, akaacha. Anasema sasa anajua kwamba kusema kungekuwa kujitua mzigo. Anakushukuru.

Matofali yamefika elfu nne na yamechomwa. Theodosia alitaka mwezi wa nane kwenda Muyama kumwona mama yake, Bibi Akimana, ambaye ameanza kusahau watu. Nilimwambia amalize matofali kwanza, barabara ni mbaya. Sasa tumbo linamsumbua kidogo, tutakwenda mvua zikipungua.

Makarius


Kibondo,
16 Februari 2014

Mwalimu Ildefonsi,

Shikamoo. Mimi ni Theodosia, mke wa Makarius. Kiswahili changu si cha vitabu, nyumbani kwetu tulisema Kirundi na Kiha, utanivumilia.

Jumatatu nilitafuta kadi yangu ya kliniki. Nikaiona ndani ya bahasha ya kaki, chini ya nguo zake za kazini, pamoja na barua zako na karatasi ya daktari wa Mwanza. Karatasi ni Kiingereza. Barua zako ni Kiswahili, nikazisoma. Niliposoma habari ya bwana mwenye mke mgonjwa nilimwonea huruma huyo mwanamke. Kweli kabisa. Nilisema, maskini, hajui. Kisha nikaangalia tena karatasi, nikaona tarehe ni ya mwezi Mei, na jina ni langu.

Nilikwenda kwa Esteri, nesi tunayesali naye, nikamwambia asome. Alisoma, akakaa chini.

Ile kazi uliyompa Makarius hakuiandika. Naiandika mimi.

Wewe uliuliza ukweli usioponya unamfaa nani. Ulikuwa unanifaa mimi. Mwezi Mei nilikuwa na nguvu ya kutembea kutoka hapa mpaka mtoni na kurudi na ndoo. Nguvu yote ile nimeiweka kwenye matofali elfu nne ya nyumba ambayo sitalala ndani yake. Yeye alinitazama nikifyatua. Alinibebea maji ya udongo. Mwezi wa nane mama yangu alikuwa bado ananijua. Alimwambia kaka yangu Tharsisi kwenye simu, mwambie Theodosia aje. Mimi nikasema nitakuja baada ya matofali. Ningejua, ningeacha tofali likiwa bado kwenye kibao cha kufyatulia.

Ulisema bwana amebeba mzigo peke yake. Haukuwa mzigo wake. Ulikuwa wangu, na aliubeba bila kuniuliza.

Nilimwambia Makarius, "Umenidanganya." Akasema, "Sikukudanganya, nilikuficha." Nikamwambia hayo ni maneno ya Kasulu, siyo yako.

Tharsisi anakuja kunichukua kwenda Muyama.

Daftari lako la mazungumzo nimelisoma lote. Nimelipenda, na hilo linaniudhi. Kama una kitu cha mtu wa kuanza akiwa na muda mfupi, niambie nianzie wapi.

Mke wa yule bwana,
Theodosia Niyubahwe


Kasulu,
25 Februari 2014

Binti yangu Theodosia,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne nilikuwa najieleza.

Nilikuwa nimepata mwanafunzi baada ya miaka mingi, na nikafurahi mno. Niliona hoja, sikuona benchi. Mtu aliandika kwamba mke alikuwa ameshika mkoba wake na wa mumewe, na mimi nisijiulize ni nani awezaye kujua jambo kama hilo kama si aliyekuwepo. Barua ya Novemba, iliyotaja tumbo lako, niliisoma mara mbili. Nadhani nilielewa. Sikutaka kuelewa, kwa hiyo sikujibu. Makarius alificha kwa hofu. Mimi nilinyamaza ili nisiharibu kazi yangu nzuri. Sijui lipi ni baya zaidi, lakini langu sina wa kumsingizia.

Ulichoandika kimeivunja hoja yangu. Nilisema ukweli wa namna ile hauna kazi, nikasahau kwamba aliyebakiza mwaka mmoja bado ana mwaka mmoja wa kuchagua.

Unauliza uanzie wapi. Watu watakuletea maandiko ya kumwandaa mtu kufa. Yaweke pembeni kama hukuyaomba. Wewe hukuja kwangu na swali la kufa, bado unabishana, na anayebishana yupo hai. Anza hapo. Ukipata swali ambalo huwezi kuliacha, liandike kwa sentensi moja, kisha uandike anayekupinga angesema nini, umpe maneno mazuri kuliko yako. Ukifanya hivyo mara moja kwa uaminifu, umesoma kuliko wengi wa wanafunzi wangu.

Basi lenu litapita Kasulu. Nitakuwa kwa Saady tangu asubuhi.

Ildefonsi


Muyama,
20 Aprili 2014

Mwalimu,

Shikamoo. Tangu siku ile ya stendi sikuwa na nguvu ya kuandika. Nilikuwa nimepanga maneno makali njiani kote, kisha nikakuona umekaa kwenye kigoda cha Saady na fimbo yako, hunisikii, unatazama midomo yangu kama mtoto. Tharsisi akasema, "Mwambie basi." Ningelazimika kupiga kelele mbele ya makondakta wote. Nikapokea daftari la pili uliloniletea, nikapanda basi. Nilikasirika mpaka Buhigwe.

Mama hanijui. Kila asubuhi ananiuliza kwa Kirundi, wewe ni wa nani? Nikimwambia mimi ni Theodosia wako, anasema Theodosia yuko Kibondo, na anaanza kulia kwamba haji. Wiki ya tatu aliniita kwa jina la mdogo wake aliyefia njiani walipokimbia Burundi. Alifurahi, akanishika mashavu. Nikaitika. Tangu hapo naitika kila siku, na analala vizuri.

Kwa hiyo na mimi ni mwongo. Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Nikampa Makarius maneno mazuri kuliko yangu, kama ulivyonifundisha. Akilini mwangu akaniambia, "Unaona? Ulipomwona anafurahi, hukuweza." Nililifikiria siku mbili. Siku ya tatu nikasema: mama hana tena la kufanya na ukweli, kila asubuhi unamwagika. Mimi ningeushika. Sijui kama jibu hili linatosha. Usinipe maksi.

Makarius amechukua likizo yupo hapa. Ananiosha miguu, ananipikia uji, watu wanamsifu. Sasa swali langu, kwa sentensi moja: nikimsamehe kwa sababu tu nakufa na yeye atabaki peke yake, je, huo ni msamaha au nami namwambia ni vidonda vya tumbo?

Theodosia


Kasulu,
1 Mei 2014

Binti yangu,

Safari hii sikuandikii upande wowote. Nina maoni, na nayaweka kwangu.

Nakupa swali moja la kupimia. Tuseme kesho unaamka mzima. Ini limepona, una miaka thelathini mbele yako na mume huyo huyo mezani. Je, ungekuwa umemsamehe? Jibu utakalopata, hulazimiki kumwambia mtu. Wala hulazimiki kunijibu mimi.

Ildefonsi


Muyama,
11 Juni 2014

Mwalimu Ildefonsi,

Shikamoo. Theodosia alifariki Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi. Tumemzika Ijumaa kwenye shamba la kaka yake. Saady alisema atakupelekea habari, lakini nimeona ni wajibu wangu kuandika.

Niliogopa kukuandikia tangu Februari. Kwanza nilikulaumu. Nilijiambia ni wewe uliyenizuia, kwamba nilikuwa karibu kusema. Si kweli. Barua yako ilifika nikiwa tayari nimenyamaza miezi mitatu, nami nilichukua nusu niliyoitaka. Uliandika waziwazi nisiiamini. Mstari huo niliuruka hata niliposoma kwa sauti. Na hakukuwa na bwana yeyote wa kumsomea. Nilijisomea mwenyewe, stoo ya mahakama, mlango umefungwa.

Jumatano kabla hajafa alikuwa na akili timamu. Wengine walikuwa wamekwenda kuvuna maharage, tulibaki sisi na mama yake, ambaye alikuwa amesinzia. Nilimwuliza kile nilichokuwa nakizunguka wiki nzima. Nilisema, "Theodosia, umenisamehe?"

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwalimu aliniuliza kama ningepona kesho ingekuwaje. Nimejipima kila siku. Jumapili nilikaribia."

"Na leo?"

"Bado," akasema. "Ningekuwa na muda, nadhani ningefika. Lakini bado."

Sikumwomba tena. Aliomba maji, nikampa kwa kijiko, akashika mkono wangu na hakuuachia mpaka wengine waliporudi kutoka shambani. Yote mawili yalitokea, mwalimu. Sijui namna ya kuyaweka pamoja.

Siku ya tatu ya matanga watu walikuwa wengi uani. Wazee wa familia wakataka mambo yote yawekwe wazi kabla ya kutawanyika, kama ilivyo kawaida yao. Tharsisi, ambaye anajua habari ya bahasha, alisimama akaniuliza mbele yao wote, "Shemeji, uliachana vipi na dada yetu? Mlipatana?"

Nilijua anataka niseme ndiyo. Aliuliza kwa upole, alikuwa ananifungulia mlango. Katekista alikuwa tayari amefungua kitabu chake kwa ajili ya sala ya kufunga. Hakuna aliyekuwepo Jumatano, na mama hakumbuki kitu. Neno moja, na wote wangekwenda nyumbani wamepumzika, hata Tharsisi.

Nilisema, "Nilimwomba anisamehe. Alisema bado."

Mzee mmoja akauliza kama nimesikia vizuri, labda mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa. Nikasema hapana, hakuwa amechanganyikiwa. Katekista akafunga kitabu kikiwa na kidole chake ndani. Tharsisi aliinua kiti chake, akaenda kukaa upande wa wanawake, akanipa mgongo. Mimi nilibaki pale nilipokuwa, kwa sababu sikuona pa kwenda, mpaka mke wake akaja kuniuliza kama nitakula.

Makarius